Simu, Maiki na Magodoro ya Bweni: Kurekodi katika Somo la Muziki Sekondari

Kwaya imeanza kwa sauti ya chini kabisa, ikapanda taratibu, ikamalizia kwa kishindo. Mnasikiliza rekodi, na mwanzo na mwisho vina nguvu ileile. Wanafunzi hawana kosa. Simu ndiyo iliyowasawazisha.

Programu ya kurekodi inayokuja na simu imeundwa kwa ajili ya mtu anayeongea. Sauti ikiwa ndogo inaipandisha, ikiwa kubwa inaikandamiza, na chochote kinachodumu bila kubadilika inakihesabu kuwa kelele, kama vile feni, na kukififisha. Kwa mazungumzo hilo ni jambo la manufaa. Kwa muziki ni hasara tupu: nota ndefu ya filimbi inapauka katikati, mwangwi wa kordi ya mwisho unakatika ghafla, na kayamba likiingia, waimbaji wanazama kwa kila pigo lake kisha wanaibuka tena. Mwalimu anayefundisha nguvu za sauti kwa rekodi ya namna hiyo anawataka wanafunzi wasikie kitu ambacho hakimo.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria kununua maiki, tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo na kupanga kiwango cha sauti kwa mkono. Ziko za bure. Chagua WAV, mfumo wa faili usiobana sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, mono, yaani mkondo mmoja wa sauti. Rekodi ya aina hiyo inakula takriban MB 5 kwa dakika, yaani wimbo wa dakika 3 ni kama MB 16, na GB 1 inabeba zaidi ya saa 3. Stereo inakula maradufu, na kwa simu moja iliyowekwa mbele ya kwaya faida yake darasani ni ndogo. Baadhi ya simu za zamani huhifadhi sauti katika mfumo wa AMR, ambao kwa kawaida haupiti hezi 3,400 hivi. Humo, herufi s na f hazitofautiani, na filimbi inasikika kama imefungiwa kabatini. Usipoteze muda nao.

Jihadhari pia na WhatsApp. Ujumbe wa sauti unaorekodiwa mle unabanwa sana, na video inayotumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa ubora. Ukitaka mwenzako wa shule jirani asikie kile ulichosikia wewe, tuma faili kama hati, si kama sauti wala video.

Kiwango cha sauti kinapangwa kwa sehemu kubwa kuliko zote ya wimbo. Waambie waimbe bari nne zenye kelele zaidi, tazama kipimo, kisha kishushe mpaka vilele viishie kati ya desibeli -12 na -6. Pengo hilo linaachwa kwa sababu hakuna kwaya iliyowahi kuimba kwa nguvu sawa wakati wa kujaribu na wakati wa kurekodi kweli. Pale pa kweli wanaongeza. Sauti ikigonga 0 inapasuka, na hakuna programu itakayoiunga vizuri. Ikiwa ndogo kidogo, utaipandisha baadaye bila tabu.

Sasa pa kuiweka. Kosa la kawaida ni kumpa mwanafunzi wa mstari wa mbele simu aishike, au kuilaza juu ya kinanda. Ya kwanza inarekodi watu watatu na vidole vya mshikaji. Ya pili inarekodi kinanda. Kwa kwaya ya watu 30 hadi 40 iliyojipanga nusu duara, anza na umbali wa mita 2.5 hadi 3 kutoka mstari wa mbele, na urefu wa mita 2.5 hivi kutoka sakafuni, maiki ikiinama kuelekea mstari wa nyuma. Kiti juu ya meza, na ufito uliofungwa kwenye kiti, vinatosha kabisa. Urefu una kazi yake: ukiweka simu usawa wa kifua, walio mbele wako karibu nayo mara mbili kuliko walio nyuma, na kila umbali unapozidi mara mbili sauti inashuka takriban desibeli 6. Besi wanapotea hivyo, halafu wanakaripiwa kwamba hawaimbi.

Ukiwa na maiki mbili, umbali kati yake uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki kutoka kwa waimbaji wake. Zikikaribiana zaidi ya hapo, sauti ileile inafika kwenye maiki mbili kwa kuchelewana kidogo, na ukizichanganya inasikika nyembamba, kama ya ndani ya bomba. Ukishindwa kupata nafasi hiyo, ondoa moja. Maiki moja iliyokaa vizuri inashinda mbili zinazogombana.

Darasa lenyewe ni tatizo kubwa kuliko vifaa. Sakafu ya saruji, kuta tupu, madirisha ya vioo na paa la mabati: piga kofi moja katikati na utasikia mlio ukidunda kati ya kuta mbili. Shule ya bweni ina dawa ya bure, nayo ni magodoro. Sita yanatosha kuanzia, yakisimamishwa dhidi ya ukuta ulio nyuma ya maiki na ule ulio mkabala nao. Usizungushe magodoro pande zote, kwa maana kwaya isiyosikia mwangwi wowote inaimba kwa woga na kushuka sauti. Blanketi lililotandikwa juu ya meza iliyobeba simu linazuia mtetemo wa miguu inayopiga mdundo. Mvua ikigonga mabati, ahirisha. Hakuna hila itakayookoa rekodi hiyo.

Yako mambo madogo yanayoharibu kipindi kizima. Weka simu katika hali ya ndege, vinginevyo itaita, au mawimbi yake yatatia mlio wa trrr-trrr kwenye waya wa maiki. Laptopu ikiunguruma mfululizo kwenye rekodi, chomoa chaja uendelee na betri. Mara nyingi mngurumo unakoma palepale. Maiki ya waya inayochomekwa kwenye tundu la hedifoni la simu huhitaji plagi yenye mistari mitatu myeusi. Maiki nyingi za kamera zina mistari miwili, na simu haitakwambia kitu, itaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe. Kwaruza maiki kwa ukucha huku ukitazama kipimo. Kisipotikisika, hujaunganisha.

Hayo ya vifaa ni mepesi kuliko matumizi yake. Rekodi nyingi za shule hazisikilizwi na mtu yeyote, kwa sababu ni ndefu mno. Mwalimu anarekodi mazoezi ya dakika 40, anaahidi kuyachambua jioni, na jioni ina madaftari ya kusahihisha. Sisi tumeishia kwenye kipimo kimoja: kisirekodiwe kinachozidi sekunde 90 ikiwa hakuna dakika 5 za kukisikiliza katika kipindi hichohicho. Kipindi cha dakika 40 kinabeba vizuri rekodi ya kwanza, kusikiliza mara mbili, kurekebisha jambo moja kwa dakika 10, kisha rekodi ya pili ya sehemu ileile. Kuzilinganisha hizo mbili papo hapo ndiko kunakofundisha. Rekodi ya leo ikilinganishwa na ya wiki ijayo, tofauti inajificha ndani ya mambo mengine kumi: nani hayupo, nani ana mafua, saa za asubuhi au za baada ya chakula.

Namna ya kusikiliza nayo ina mpangilio. Mara ya kwanza bila karatasi na bila neno, kwa kuwa kila mtu anajitafuta yeye. Sauti yako kwenye rekodi inakushtua kwa sababu umezoea kuisikia ikipita pia kwenye mifupa ya kichwa, na rekodi haina sehemu hiyo. Waelezeni wanafunzi mapema, kicheko kiishe. Mara ya pili washike nota au solfa na penseli, wakisikiliza jambo moja tu, na jambo hilo litajwe kabla ya kubonyeza kitufe. “Sikilizeni mnapovuta pumzi.” “Sikilizeni neno la mwisho la kila mstari.” Ukiuliza “mmeonaje?” utajibiwa “ilikuwa poa, mwalimu,” na huko ndiko mjadala utakapoishia.

Kuharakisha ni kosa linalopimika bila kifaa chochote zaidi ya saa ya kwenye rekodi. Tuseme wimbo una mapigo 100 kwa dakika na mapigo manne kwa kila bari. Bari 8 ni mapigo 32, na zinatakiwa kuchukua sekunde 19.2. Andika dakika na sekunde za pigo la kwanza la kila bari 8. Mkikuta kiitikio kimechukua sekunde 17.5, mmefika mapigo 110 kwa dakika, na hakuna wa kubishana na mwalimu wala na mpiga ngoma. Waachie wanafunzi hesabu yenyewe. Mara nyingi watagundua kwamba kasi haikupanda ndani ya kiitikio, ilipanda kwenye bari mbili za kabla yake, mpiga ngoma alipojaza nafasi kwa mapigo madogo madogo.

Kushuka kwa sauti, yaani kwaya kuteleza chini ya nota iliyoanzia, kunapimwa kwa njia ya karibu na hiyo. Rekodi La ya hezi 440 kutoka kwenye kibodi, kwaya ianze bila ala, na usisimamishe rekodi mpaka La ileile ipigwe tena mwishoni. Kisha kwenye kompyuta, katika Audacity ambayo ni ya bure, kata kordi ya kwanza na ya mwisho uziweke pamoja, ikiwa wimbo unaanza na kumalizia kwenye kordi moja. Kushuka kidogo hakumsumbui mtu. Kufikia nusu toni, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anasikia. Rudini sasa mtafute palipovuja. Kwa kawaida ni sehemu tatu: nota moja inayorudiwa mara nyingi, mteremko wa mi-re-do unaoimbwa kwa hatua pana kupita kiasi, na silabi ya mwisho kabla ya pumzi. Ukilaumu kwaya nzima kwa kushuka, unawachosha bure. Ukionyesha bari ya 14, wanairekebisha.

Video ina kazi tofauti, na si kila mara inahitajika. Kwa sauti ya kwaya inapoteza zaidi kuliko inavyosaidia, kwani macho yanameza masikio: wanafunzi watajadili nani alikuwa anacheka. Itumieni panapokuwa na mwili wa kutazama, yaani vidole, upinde, mabega yanayopanda wakati wa kuvuta pumzi, ishara za mwongozaji, mistari ya wachezaji.

Chukua rekoda, ile filimbi ya plastiki ambayo shule nyingi huanzia. Inapiga kelele kali, na mwalimu akiwa mbele ya wanafunzi 20 hajui kwa nini. Weka kamera umbali wa mita 1, upande wa kushoto wa mpigaji, usawa wa kifua, ikimtazama kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, ili kidole gumba cha kushoto kilicho nyuma ya filimbi kionekane pamoja na vidole vya mbele. Punguza mwendo wa video hadi robo. Utaona moja kati ya mambo mawili. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kinatua kandoni mwa tundu na kuacha upenyo mwembamba kama uzi, hapo nota za chini zinakwaruza. Au kidole gumba kinaondoka chote badala ya kujikunja na kuacha upenyo mdogo, hapo nota za kuanzia Mi ya juu zinaruka. Ukimweleza mwanafunzi kwa maneno atasema anaziba. Akiona mwenyewe anacheka, anasogeza kidole, kelele inakwisha.

Tumia kamera ya nyuma. Ile ya mbele mara nyingi hugeuza picha kama kioo, mkono wa kushoto ukaonekana wa kulia, na mwanafunzi anayeanza orutu, fidla ya uzi mmoja ya Waluo, atajifunza kinyume. Madirisha yawe nyuma ya anayepiga picha, la sivyo mtakuwa na vivuli vyeusi vinavyoimba. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo chini ya taa za mirija video ya picha 30 kwa sekunde inaweza kumemeteka. Kama simu ina mpangilio wa mkono, weka kasi ya kufungua lenzi 1/50 au 1/100 na itatulia. Kwa ngoma na maigizo ya nyimbo, kamera isimame juu, kwenye roshani au juu ya dawati lililo juu ya meza imara, ioneshe jukwaa zima na isiguswe. Mpiga picha anayefuata mwimbaji kiongozi huku na kule anakunyima kitu pekee ulichokitaka, yaani mstari wa nyuma uliopotea.

Ukirekodi ukiwa mwisho wa ukumbi, mita 20 kutoka jukwaani, sauti inafika ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.06, yaani kama picha mbili za video. Kofi litaonekana kabla halijasikika. Afadhali simu moja iwe karibu kwa sauti na nyingine mbali kwa picha, na mwanafunzi mmoja apige kofi moja kubwa mwanzoni. Kwenye kompyuta unalinganisha kilele cha kofi na picha ya viganja vinapogusana.

Ala za asili zinadai uangalifu wa pekee, maana ndizo zinazoharibiwa zaidi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ina ngoma tatu za ukubwa tofauti zinazojibizana. Simu ikiwa karibu na ngoma kubwa inasikia hiyo moja tu. Rudi nyuma mita 4 au 5, nje ikiwezekana, upande wa ngoma ndogo, na funika maiki kwa sponji kwa ajili ya upepo. Kwa uchambuzi, rekodi kila ngoma peke yake kwa sekunde 30, kisha zote pamoja. Mwanafunzi anayejaribu kuandika mdundo wa ngoma tatu kutoka kwenye rekodi ya pamoja bila kuwa na zile tatu za pekee anakisia.

Nyatiti, kinubi cha Waluo, ina nyuzi 8, na mpigaji pia anagonga chombo kwa pete ya kidole cha mguu huku njuga za gara zikilia. Maiki ikielekezwa kwenye nyuzi kwa umbali wa sentimita 60 hadi 80 inapata vyote. Ikisogezwa chini, pete inafunika muziki. La muhimu zaidi: zima programu ya kupimia upangaji wa nyuzi (tuner). Itamwambia mwanafunzi kwamba uzi fulani “uko chini,” naye ataukaza mpaka ulingane na piano, na kwa dakika tano mtakuwa mmefuta upangaji wa mwenye ala. Rekodi kila uzi peke yake, kuanzia wa chini kwenda juu, kabla ya wimbo kuanza, na rekodi hiyo ndiyo iwe kipimo. Mzee aliyealikwa aulizwe kwa sauti, kwenye rekodi, jina la wimbo, huimbwa lini, na kama anakubali wanafunzi wautumie na kwa namna gani. Malipo yake yapangwe kabla hajafika shuleni.

Shule nyingi za bweni nchini Kenya haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo rekodi za mazoezi lazima zifuate redio ya USB ya bwenini au ya chumba cha muziki. Redio hizo mara nyingi husoma MP3 tu, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili. Tengeneza faili nne za wimbo mmoja, kila moja ikiwa na sauti moja mbele na tatu nyingine nyuma kidogo, badala ya sauti moja iliyo peke yake kabisa. Alto aliyejifunza bila kusikia soprano anapotea siku ya kwanza ya kuunganishwa. Mwimbaji anayerekodi juu ya sauti nyingine atumie hedifoni za waya. Bluetooth inachelewesha sauti kiasi cha kumfanya aimbe nyuma ya mapigo, na utadhani hajui mdundo. Tanguliza bari moja ya kuhesabu, na jina la sauti litamkwe: “Tenor, ukurasa wa pili.”

Kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wanaojiandaa kwa mazoezi ya kusikiliza, rekodi zoezi zima pamoja na ukimya wake: kordi ya mwanzo, bari ya kuhesabu, melodia, sekunde 30 za kuandika, melodia tena. Hapo mwalimu wa hesabu anayekushikia zamu anabonyeza tu kitufe. Badilisha ala kila wiki. Waliozoea piano peke yake hutatizika melodia ileile ikipigwa na orutu. Kwa wanaobaki nyuma, Audacity inaweza kupunguza kasi bila kushusha sauti, mradi uchague badiliko la tempo na si la spidi. Ukichagua spidi na kuipunguza nusu, kila kitu kinashuka oktavu nzima.

Video ya HD kamili inaweza kula MB 130 kwa dakika kwenye simu fulani, na kadi ya FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, ambayo kwa kiwango hicho ni takriban nusu saa. Tamasha refu litakatika au litakataa kunakiliwa. Majina ya faili yaanze na tarehe kwa mtindo wa 2025-03-14, kisha kidato, kisha kipande. “Mpya ya mwisho 2” haitakusaidia mwezi wa sita. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja tumia namba ya usajili badala ya jina.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na sura na sauti ni taarifa zake. Fomu ya mwanzo wa mwaka itenganishe mambo matatu yenye visanduku vyake: kusikilizwa darasani, kuoneshwa wazazi shuleni, na kuwekwa mtandaoni. Wazazi wengi hukubali mawili ya kwanza na kukataa la tatu, na mwanafunzi wa namna hiyo bado anaweza kurekodiwa kwa sauti pekee au akasimama nje ya picha. Rekodi za darasani zifutwe muhula unapofungwa, isipokuwa mbili kwa kila mwanafunzi, ya Januari na ya Oktoba, naye apewe nakala kwenye flashi yake anapomaliza.